Mwongozo kwa Mgeni wa Makambi Kanda ya Dhahabu

Watakwambia makambi ya Wasabato huku Shinyanga na Geita hufanyika kiangazi ili mvua isiloweshe watu chini ya turubai. Itikia tu. Kisha tazama mambo yalivyo: pamba imeshauzwa, mpunga umeshaingia ghalani, na mhazini wa kanisa anatembea na daftari jipya.

Desturi yenyewe ni ya siku nyingi. Waadventista walipiga kambi yao ya kwanza Wright, Michigan, kule Marekani, mwaka 1868. Wale walilala kwenye mahema. Wewe, ukiwa na bahati, utalala kwenye darasa la shule ya msingi, juu ya mkeka, katikati ya mtu anayekoroma na mtu anayeomba kwa sauti, na ukifika usiku wa pili hutajua tena yupi ni yupi. Njoo na blanketi zito. Kiangazi cha huku mchana ni vumbi, alfajiri ni baridi ya kung'ata meno.

Ibada ya kwanza ni saa 11 alfajiri. Ukitaka kuonekana mtu wa rohoni bila kuumia, fika wa tatu. Anayetangulia hukabidhiwa kuanzisha wimbo, wa pili huombwa afungue kwa sala, wa tatu huketi.

Maji yanahitaji akili zaidi. Ya Ziwa Victoria hufika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, lakini safari ngumu ni ile ya kutoka bombani hadi kwenye ndoo yako, kwa sababu njiani wapo akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, na ndio wenye jiko, sufuria na amri. Usiwapelekee malalamiko. Wapelekee salamu ya Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Ukipewa chochote, hata kama ni ukoko, sema "wabeja", yaani asante, na uondoke taratibu. Atakayefanya hivyo siku mbili mfululizo ataanza kuona michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikiongezeka kwenye sahani yake, na hakuna kamati itakayohojiwa.

Kuhusu chakula, mwalimu wa somo la afya atakuwa ameshapita kabla yako. Kahawa hakuna. Chai ya majani hakuna, kuna mchaichai. Nguruwe hata usimtaje, na kambare naye, kwa kukosa magamba, ameachwa ziwani na dhamiri yake. Sato na dagaa wamefaulu mtihani. Nje ya uwanja, hatua chache tu, kuna mama ntilie mwenye birika la chai ya rangi, aliyekuja kufanya biashara na hakuahidi mtu kitu. Ukimkuta mzee wa kanisa pale na kikombe mkononi, mpite kama unayetafuta choo. Naye atakupita hivyo hivyo wiki nzima, na huo ndio ushirika wa kweli wa waumini.

Sasa tuje kwenye dhahabu, maana kanisa lenyewe lina jimbo linaloitwa Nyanza Gold Belt, kwa hiyo usishangae mtu akikuuliza habari za duara lako, yaani shimo lako la dhahabu, kabla hajakuuliza jina. Taarifa kwamba duara fulani la Rwamgasa au Nyarugusu limeanza kutoa hufika kambini kabla ya mwenye duara. Dalili utaziona kwenye viti. Ndugu aliyekaa mkekani mwaka jana, mwaka huu shemasi anamfutia vumbi kiti cha plastiki, safu ya pili, karibu na feni. Duara likikauka, kiti nacho hukumbuka kwamba ni cha mgeni rasmi.

Siku ya somo la uwakili ndiyo usiyopaswa kukosa. Mwalimu ataeleza zaka kwa utulivu, fungu moja katika kumi, kisha mchimbaji mmoja atanyanyua mkono. Yeye ana hesabu zake. Serikali ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6 mwaka 2017, na juu yake ikaweka ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mwenye eneo ana mgawo wake, wenye karasha, mashine ya kusagia mawe, wanadai, vijana walioingia shimoni wanadai. Je, zaka itolewe kabla ya kulipa karasha au baada? Hapo ndipo hata waliolala huamka. Na kabla hilo halijaisha, mwingine atauliza kuhusu marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao bado huuzwa: ulishatolewa zaka mara ya kwanza, au ni mavuno mapya? Nimesikiliza mahubiri mengi kuhusu unabii wa Danieli, na sijaona yakibishaniwa kwa umakini huo. Serikali ilipotaka dhahabu iuzwe hadharani ililazimika kufungua masoko ya madini, la Geita likiwa la 2019. Kanisa linadai fungu kubwa kuliko la serikali, na linategemea bahasha.

Wewe usiwe mtu wa kwanza kutaja kiasi cha ahadi yako ya matoleo. Wala usiwe wa mwisho, maana hapo mchungaji anakuwa amebaki na macho kwako tu.

Ijumaa ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Sabato huingia jua linapozama, na jua la Geita huzama karibu nusu saa baada ya la Dar es Salaam. Shemeji yako wa Dar akikutumia ujumbe wa "Sabato njema", wewe bado uko Ijumaa kihalali. Ndani ya nusu saa hiyo dalali hufunga bei, mashati hupigwa pasi, na kijana fulani huwahi kurudi na bodaboda kutoka Katoro akiwa na viatu vipya. Usiitangaze; mratibu wa ratiba akiigundua ataiwekea somo.

Sabato yenyewe itajiendesha. Kwaya zitaimba kwa zamu, kila moja "wimbo mmoja tu", na ubatizo utafanyika kwenye lambo lenye maji kidogo, hivyo mwombee mrefu.

Jumapili ondoka mapema. Anayekutwa akisaidia kukunja turubai huchaguliwa papo hapo kuwa katibu wa makambi ya mwakani.