Mheshimiwa Mkurugenzi, Bango Lako Tumeliona

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Sisi wa upande huu wa kioo hatujambo, ukiondoa haya ninayokuandikia. Nimetumia Kiswahili kwa makusudi. Kikikutatiza, mwite mtoto yeyote anayepita barazani akusomee. Huo ndio utaratibu wa kituo chako cha lishe, nami sipendi kukiuka utaratibu.

Kwanza nikupongeze. Bango la Wizara ya Kilimo ya Marekani, lile la haki kwa wote, lipo ukutani. Lina inchi 11 kwa 17 kama ilivyoagizwa, na limebandikwa mahali pa wazi. Nusu yake ya juu inatujulisha, kwa Kiingereza, kwamba habari za mpango huweza kupatikana kwa lugha nyingine. Nusu ya chini, penye anwani ya kupelekea malalamiko, imezibwa na maboksi ya juisi. Naamini ni uhaba wa nafasi tu.

Mafunzo ya kila mwaka ya haki za kiraia nayo yamefanyika. Sahihi za watumishi zimo kwenye jalada. Fomu za rangi na asili zimejazwa vizuri: Mbembe, Mnyamulenge, Mbantu wa Somalia na mjukuu wa vibarua wa Alabama wote wametiwa alama kwenye kisanduku kimoja. Mkaguzi akija hatapata pa kushika kalamu. Katika ripoti zako tumo tele. Dirishani ndiko ninakotutafuta nisituone.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya WIC, mpango wa lishe kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiofikisha miaka mitano. Mbele yangu alikuwapo mama mjamzito, na mkalimani wake alikuwa binti yake wa darasa la tatu. Mtumishi alimtoboa mama kidole, akapima, akasema kwa upole kabisa kwamba madini ya chuma yameshuka kidogo, aongeze maharage na mboga za majani. Mtoto akamgeukia mama yake: "Wanasema damu yako imekwisha." Mama akatafuta kiti. Likafuata swali la pili: amewahi kupoteza mimba? Binti hakulijua neno, akaomba aelezwe, akaelezwa. Mama akatazama ukuta, akajibu hapana. Jibu hilo sasa limo kwenye kompyuta yako, na muuguzi atakayelifungua ataliamini. Lakini ni mama gani wa kwetu atakayemjibu mwanawe wa darasa la tatu swali kama hilo?

Simlaumu mtumishi. Namba ya simu ya wakalimani ipo, nimeiona, imebandikwa chini ya kaunta upande wake. Aliniambia huduma hiyo hulipiwa kwa dakika, na wameagizwa waitumie ikilazimu. Basi nakuuliza wewe uliyeagiza: hulazimu lini?

Kwenye mkutano wa wadau ulisema mambo haya ya haki za kiraia ni makaratasi ya Washington. Niwie radhi, mimi mgeni, nikukumbushe habari ya nchi yako. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963, wakuu wa kaunti ya Leflore, Mississippi, walisimamisha ugawaji wa chakula cha ziada cha serikali ya shirikisho. Kilikuwa kikiwalisha watu wapatao 22,000, wengi wao Weusi, vibarua wa mashamba ya pamba ambao msimu huo hawana kazi wala akiba. Kosa lao ni kwamba mjini Greenwood watu Weusi walikuwa wameanza kujiandikisha kupiga kura. Chakula cha serikali kilikuwepo, wenye njaa walikuwepo. Kilichofungwa ni dirisha. Ikabidi vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kupigania haki za kiraia, wachangishe vyakula kutoka miji ya kaskazini, na mchekeshaji Dick Gregory akaleta shehena kwa ndege.

Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia, ambayo Sura yake ya Sita inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili ya taifa popote zinapoingia fedha za shirikisho. Tarehe 31 Agosti, mwaka huohuo, akatia sahihi sheria ya stempu za chakula. Hayo ndiyo makaratasi yenyewe. Miaka kumi baadaye, 1974, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakisomeshwa kwa Kiingereza wasichokielewa. Shule ilijitetea kwamba wote wamepewa vitabu sawa na walimu sawa. Mahakama, kwa kuitumia Sura hiyohiyo ya Sita, haikuukubali usawa wa namna hiyo.

Nasikia ofisini kwako kuna waliopumua Machi 2025, Kiingereza kilipotangazwa lugha rasmi na agizo la Rais Clinton la mwaka 2000 kuhusu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri likafutwa. Wapumue polepole. Lililofutwa ni agizo. Sura ya Sita haikufutwa. Na suala la mtoto kuwa mkalimani halikuhitaji agizo la rais: mwongozo wa Wizara wa 2014 ulikwisha kuonya juu yake, na hata bila mwongozo, mtu mzima huona tu.

Wakati wenyewe ni mbaya pia. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye stempu za chakula mpaka wapate ukaazi wa kudumu. WIC haikuguswa na mabadiliko hayo, wala chakula cha shuleni. Ila barua ya kukatiwa huja kwa Kiingereza, na mama asiyeisoma hajui kipi kimekatwa na kipi kimebaki. Basi huacha vyote. Wako walioleta kadi za WIC dirishani kwako, kwa uaminifu kabisa, wakihofia kuambiwa wezi. Mtumishi akazipokea. Kwenye hesabu zako hilo linaandikwa kuwa mahitaji yamepungua.

Umejivunia pia sanduku lako la maoni kuwa tupu, ukaliita ushahidi kwamba tumeridhika. Mheshimiwa, wengi wa wakimbizi hawa wamekulia kwenye foleni za mgao katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kungoja wanakujua kuliko mtu yeyote hapo ofisini, na wengi wana imani, iliyowakaa moyoni kwa miaka, kwamba anayenung'unika mgao humpita. Halafu karatasi za kuandikia maoni ni za Kiingereza.

Sikuombi jengo jipya. Naomba maboksi yahamishwe. Namba ya simu ihamie juu ya kaunta, iwekwe na kadi ambayo mtu atanyoosha kidole kuonyesha lugha yake. Barua za kukatiwa huduma zifuatwe na simu ya mkalimani. Na mafunzo yajayo, badala ya sahihi, kila mtumishi aipige namba hiyo mara moja mbele ya wenzake, tujue kama inapokelewa.

Mtu ana siku 180 za kulalamika Wizarani tangu siku aliyotendewa. Za yule mama zimeanza kuhesabika. Fomu anayo, na Jumamosi nitakwenda kwake tuijaze, binti akiwa nje anacheza na wenzake. Ukipenda tuzungumze kabla ya hapo, Alhamisi asubuhi utanikuta kwenye foleni.

Wako katika utumishi,

Mkalimani wa kujitolea, asiyelipwa kwa dakika