Aliyeingia Mwisho Ndiye Mzito

Leo asubuhi lifti imenifukuza mbele ya watu. Nilikuwa nimeingiza mguu wa pili tu, kengele ikaanza: ti, ti, ti. Abiria wote waliokuwa wakitazama dari wakahamia tumboni kwangu. Nikatoka. Ikanyamaza papo hapo, kama mtoto aliyetolewa mwiba. Mama mmoja akasema, “Pole baba, subiri inayofuata.” Matusi ningeyavumilia, upole ule umenichoma. Milango ilijifunga mimi bado natabasamu.

Nimesimama pale nikiwaza wakubwa wa zamani. Mwaka 1743, katika kasri la Versailles, Mfalme Louis XV alimfungia kimada wake kiti cha kupandia ghorofani, kikiendeshwa kwa kamba na vizito. Kengele hakikuwa nayo. Nani angethubutu kumpigia kipenzi cha mfalme ti, ti, ti?

Kilichowatisha watu enzi hizo ni kamba kukatika. Elisha Otis aliimaliza hofu hiyo New York mwaka 1854, alipopanda jukwaa lililoning’inia juu ya umati na kuagiza kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo, likakwama. Siri yake ilikuwa springi ya gari la farasi. Jukwaa likining’inia, uzito wake huikaza kamba, na kamba huivuta springi ikapinda. Kamba ikikatika, springi hunyooka na ncha zake kunasa kwenye meno ya reli za pembeni. Yaani uzito ule ule unaotaka kukuua ndio unaoweka breki tayari! Na lifti za siku hizi, upande wa pili wa waya, huning’iniza chuma chenye uzito wa chumba chenyewe na karibu nusu ya mzigo wake, hivyo mota hupambana na tofauti tu. Akili ya namna hii naivulia kofia.

Ila kipimo cha mzigo kinajua jumla tu. Kule nyuma alikuwamo bwana mmoja aliyejaza kona nzima, na katoni mbili za karatasi za fotokopi miguuni. Hakuna aliyemtazama, kwa sababu yeye aliwahi.

Hebu mfikirie Sultani Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib pale Unguja mwaka 1883, jumba linalosifiwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Mwingize katika hii yetu: Sultani mbele, mawaziri, makadhi, majambia ya fedha, vilemba. Mwisho anaingia mtoto mwembamba mwenye buli la kahawa. Ti, ti, ti. Mnadhani atashuka nani?

Hapo kicheko kinanikauka, maana mtoto huyo namfahamu. Ofisi ikielemewa, barua ya kupunguzwa kazi humfikia kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye mshahara wake haujazi tangi la gari la bosi. Wenye posho, madereva na safari za semina wameegemea ukuta wa nyuma, wanatazama dari.

Nimepanda ngazi. Ghorofa ya tatu, mlango wa kioo unaojifungua wenyewe haukuniona. Msalani, bomba lisiloguswa limeikataa mikono yangu. Ghorofa ya saba, karani ameipindua fomu yangu, akaniambia kwa heshima zote kwamba hizo zinapokelewa chini, mapokezi.