Barua ya Wazi kwa Mtukufu Mfalme, Kuhusu Mbu wa Karungu

Kwako Mtukufu Mfalme Charles wa Tatu, Mkuu wa Jumuiya ya Madola, Mlinzi wa Imani, mwana wa mama aliyerithi ufalme akiwa juu ya mti kule Nyeri,

Pokea salamu nyingi kama omena. Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya, wewe na jamaa yako, na farasi wako pia. Mimi hapa Karungu, Kaunti ya Migori, sijambo, ila nina malaria kidogo, na malaria hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kukuandikia.

Najua una shughuli nyingi. Ulipotutembelea mwishoni mwa Oktoba 2023 ulifika Nairobi na Mombasa, ukaeleza masikitiko na majuto yako juu ya yaliyotendwa zamani, ukarudi salama. Wapo walionung'unika kwamba hukuomba radhi. Niliwakanya. Mtu hawezi kubeba masikitiko, majuto na radhi katika safari moja ya siku nne. Mizigo ya ndege ina kipimo.

Niruhusu kwanza nishukuru. Asante kwa reli. Ilifika Kisumu Desemba 1901, na kwa adabu kubwa ikakomea hapo, isije ikatupigia kelele sisi wa kusini. Hadi leo hakuna treni iliyowahi kumkatizia mtu usingizi Homa Bay wala Migori. Asante kwa mpaka mliokubaliana na Wajerumani mwaka 1886, ule uliopigwa rula kati ya Kilimanjaro na ziwa. Kwa hisani yenu, Mkuria wa Isebania akienda kumsalimia shangazi yake Sirare huwa amesafiri ng'ambo, heshima ambayo wengine huilipia nauli ya ndege. Asante kwa mgodi wa Macalder. Shaba na dhahabu zilikwenda, mgodi ukafungwa mwaka 1966, na mashimo tukaachiwa yote, halikubebwa hata moja. Vijana wa Nyatike bado wanahangaika huko na sururu na zebaki.

Lakini shukrani kubwa ni ya kodi ya kibanda. Babu mzaa babu yangu alikuwa na wake wanne, kila mmoja na nyumba yake, kama ilivyo desturi yetu Wajaluo. Wanawe wawili wakubwa walikuwa na simba zao, ndivyo tuitavyo vibanda vya vijana wasiooa. Karani alihesabu paa, hakuuliza ukoo: sita. Ili kuzilipia, mzee akatembea hadi kwenye mashamba ya walowezi, na hivyo akajifunza jiografia ya nchi yake kwa nyayo.

Wamisionari nao siwezi kuwasahau, maana ndio walionipa herufi ninazokusumbulia. Mwaka 1906 Mwadventista kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alipanda kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland. Baadaye ikaja Kamagambo, na Wakatoliki wakashika Asumbi. Hata leo mzazi wa huku akitafuta shule yenye jina, mara nyingi huishia pale mmisionari alipopendezwa na hewa. Aliyezaliwa mbali na hapo na amwombe Mungu, Jumamosi au Jumapili, kutegemea kilima kilicho karibu.

Huyo Nyambo, Mtukufu, ananitia moyo. Mwaka 1914 alikwenda London na ombi la watu wa kwao kwa Mfalme George wa Tano, babu yake mama yako. Halikuzaa kitu. Wazee wa Nyanza walikuwa na bahati zaidi. Walikutana Lundha mwaka 1921, katika mkutano ulioitwa Piny Owacho, wakalalamikia kodi, kipande na ardhi yao. Haukupita muda, Kasisi Walter Owen akawa rais wa chama chao, na wanachama wakaahidi kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Waliingia wakidai ardhi, wakatoka na hesabu ya panya.

Kwa ujinga wangu nilidhani umaskini wetu umetokana na hayo niliyoyashukuru. Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa mabwana watatu, Acemoglu, Johnson na Robinson. Katika makala yao ya 2001 walieleza kwamba Wazungu walipokufa kwa wingi kwa malaria na homa ya manjano hawakuketi, wakaweka serikali za kukamua tu. Walipoyamudu maradhi waliketi, wakajenga sheria za kulinda mali, na tofauti hiyo imedumu hadi leo. (Mali ya nani, kule Kericho, hiyo ni barua nyingine.)

Kumbe ni mbu! Boma la kwanza la serikali yenu katika wilaya ya Kavirondo Kusini lilikuwa hapa hapa Karungu, kabla ya kuhamishiwa Kisii kwenye baridi. Laiti mbu wa enzi hizo wangejizuia kidogo, leo tungekuwa Australia.

Kwa niaba ya mbu hao, ambao wajukuu wao tunawalisha kila usiku, naomba msamaha. Neno hilo kwetu halina uzito. Kisha, kwa magoti, naomba jambo dogo. Njoo uketi. Sisemi utembelee. Uhamie Karungu, miaka sitini au sabini hivi, mpaka sheria njema ziote. Tumekutengea kiwanja penye upepo, na neti yenye dawa tumeipata kliniki. Utalipa kodi ya kibanda tu: Buckingham, Windsor, Sandringham, Balmoral. Nyumba ya William karani ataiandika simba, ingawa kijana ameoa, makarani hawabishiwi. Panya ni kadiri utakavyoweza kwa wiki.

Ukitua Kisumu, panda matatu ya Homa Bay, kisha uulize ya Sori, hapa Karungu. Na kwa kuwa safari hii hurudi, mizigo yote njoo nayo, hata ile radhi iliyobaki mwaka 2023.

Ndimi mtiifu wako mnyenyekevu,
Kitukuu wa mlipa kodi ya paa sita,
Karungu.