Hukuiona Nyumba?

Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikaja kufunga mizigo kweli mwaka 2016. Miaka 43 yote hiyo hakuna dalali aliyeidai hela ya usumbufu. Mimi nilitaka kuhamia Nzuguni Jumamosi moja tu.

Dalali wangu nilimkuta karibu na stendi kuu ya mabasi, simu mbili mkononi. Elfu kumi ya kuonyeshwa, nikatoa. Chumba na sebule, luku ya peke yako, maji ndani. Nikafungua bomba, likakohoa vumbi.

“Leo siyo zamu yenu, bosi.”

Yenu! Nikajiona mwenyeji tayari. Kodi ya miezi sita ingemsubiri mwenye nyumba hadi siku ya kuhamia. Mwezi mmoja wa dalali haukuweza kusubiri hata jioni.

Jumamosi nikafika na kirikuu, kitanda juu, ndoo zikining'inia. Ndani kuna mama anasonga ugali. Hana habari ya kuhama, wala hana mpango huo, ila alinikaribisha vizuri tu. Inaonekana sikuwa wa kwanza wiki ile. Dereva wa kirikuu akauliza kama kurudi nako nitalipia sasa hivi.

Nikampigia dalali anirudishie hela yangu.

“Bosi, kazi yangu ni kuonyesha. Kwani hukuiona nyumba?”

Niliiona. Hata bomba nililisikia.

“Basi usijali, kuna nyingine Ilazo, kali kuliko hiyo. Wewe tena? Lete elfu nane.”