Namna ya Kutamka Kiitaliano Bila Kuteguka Taya: Mwongozo kwa Watu wa Gitega na Muyinga

Neno lenyewe ni precipitevolissimevolmente. Lina herufi 26 na silabi 11, na maana yake ni kwa haraka iliyopita kiasi. Waitaliano hulitumia kwa mzaha tu. Wewe litumie kwa dhati, ukiwa Gitega ndani ya basi la Muyinga lisilojaa.

Kwanza toa woga. Mkoa wa Gitega ndiko alikozaliwa Sylvestre Ntibantunganya, rais wa 1994 hadi 1996, na watoto wa huko hulitamka jina hilo ndizi ikiwa mdomoni: nti-ba-ntu-nga-nya. Mwambie Mwitaliano aanze yeye. Akishakwama kwenye nti, muulize kwa upole kama anahitaji maji.

Sasa pre, kisha ci. Hiyo ci ni ile ya Cibitoke, na Cankuzo ni jirani wa Muyinga, kwa hiyo hapo somo umelimaliza tangu utotoni. Ila usilewe sifa: mbele ya a, c ya Kiitaliano husomwa k. Ukimwandikia mgeni “urakoze cane”, ataona cane ya kwao, yaani mbwa, kwenye shukrani zako.

Kazi ipo kwenye lis, vol na men. Silabi zetu za Kirundi huishia irabu, kwa hiyo ulimi wa Gitega ukikuta konsonanti iko uchi, huivisha. Pre huwa pere, kama perezida. L hugeuka r, kama shule ilivyogeuka ishure. Ukizubaa utatoka na perecipitevorisimevorumente, silabi 13, yaani mbili za nyongeza ambazo Roma hawakuziagiza. Watu wa Muyinga wana nafuu kidogo, maana mpaka wa Kobero uko karibu na Kiswahili cha biashara kimeshawazoeza l.

Kwenye lis-si, s ya kwanza ifunge silabi, ya pili ifungue inayofuata. Warundi tumezoea kurefusha irabu. Hapa refusha s, kama pancha.

Mkazo weka kwenye men, silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka.

Mazoezi yafanyie kwenye foleni ya mafuta: silabi moja kila gari la mbele linaposogea. Ukifika te kabla ya magharibi, basi mwenye kituo ni shemeji yako.