Mheshimiwa Waziri, naomba msailiwa naye aulize

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,

Kwa heshima na taadhima, na nikijua mezani kwako kuna mafaili mazito kuliko waraka huu, naomba uniwie radhi na unisikilize.

Mimi ni mkazi wa Mbagala. Mwaka 2014, hapa hapa wilayani kwetu Temeke, vijana zaidi ya 10,000 waliketi kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Nashukuru sana kwamba siku hizi Sekretarieti ya Ajira hupokea maombi mtandaoni. Hata hivyo, kwa ruhusa yako, msailiwa bado huingia chumbani kujibu tu.

Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, katika kampuni moja binafsi. Tulikuwa watatu kwenye jopo, na tulichotaka ni mtu mwaminifu, anayewahi, atakayedumu. Akaja binti kutoka Chamazi, vyeti safi, majibu yamenyooka. Mwishoni akauliza kwa sauti ya chini: mshahara ni kiasi gani, na zamu ya usiku inaisha saa ngapi? Tukamkata alama. Tukaandika, "Anatanguliza maslahi." Nami nikatia saini.

Mheshimiwa, binti yule alikuwa akipiga hesabu ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na ya usalama wake kituoni saa sita usiku. Alitaka kujua kama ataiweza kazi ile mwaka mzima. Ndicho hicho hicho tulichokuwa tunakitafuta sisi, na tulimwadhibu kwa kukitaja. Linaniuma mpaka leo.

Kwa unyenyekevu naomba mambo mawili. Majopo yaelekezwe kumpa msailiwa dakika tano za kuuliza, na swali lake lisimpunguzie alama hata moja. Pia matangazo ya kazi za Serikali, yanapoandika ngazi ya mshahara kama "TGS D", yaandike na shilingi zake pembeni. Mtoto wa mama lishe wa Tandale au Mbagala hana wa kumfafanulia herufi hizo, na ndiye anayepaswa kujua mapema kama mshahara utatosha kodi ya chumba na nauli.

Ukiona inafaa kuniita ofisini kwako Mtumba, Dodoma, nieleze zaidi, nitapanda basi la alfajiri.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mbagala, Temeke