Namna ya Kukaa na Albamu Isiyo na Mwimbaji

Sharti la kwanza: usimsubiri mwimbaji, haji. Albamu ya kwanza ya Animals as Leaders, iliyotoka mwaka 2009 kwa jina hilo hilo la bendi, ina vipande 12, na hakuna hata kimoja ambamo mtu anaimba. Nasema vipande kwa makusudi. Wimbo, kwa Kiswahili, umezaliwa na kuimba, na hapa anayeimba ni gitaa. Mgeni akiingia sebuleni akauliza, "Huyu anaanza lini?", mpe kiti, mpe chai, mwambie ameshaanza zamani.

La pili ni vifaa. Spika ya simu haifai kabisa. Tosin Abasi, mpiga gitaa wa bendi hiyo, Mmarekani mzaliwa wa Washington, D.C., mwenye wazazi kutoka Nigeria, hupiga gitaa la nyuzi nane. Gitaa la kawaida lina sita. Zile mbili za ziada ni nene, na sauti yake huteremka hadi kwenye eneo la besi. Simu itakupa mikwaruzo, ngurumo itaishia njiani. Tafuta hedifoni, hata za kuazima, ila umwambie mwenyewe mapema kwamba utachelewa kuzirudisha.

Sasa kaa mezani, tufanye kazi. Hesabu mapigo kwa mwendo mmoja, bila haraka. Mkono wa kulia ugonge kila baada ya mapigo manne, wa kushoto kila baada ya saba. Ianze pamoja. Mara itaachana, na utahisi umekosea. Hujakosea, endelea. Kulia ukigonga mara saba na kushoto mara nne, mapigo 28 yamepita, na mikono itatua tena kwa pamoja, puu! Raha ya muziki wa metali wa aina hii iko hapo: ngoma hushika njia yake, gitaa hushika yake, nawe unangoja wakutane. Mimi ilinichukua jioni nzima kuipata, na nilipoipata nilisimama.

Anayengoja sebene kwenye rumba ana nusu ya sikio hili tayari. Anajua gitaa likiachiwa uwanja halihitaji msaidizi.

Utawasikia wanaosema haya ni majigambo ya vidole. Nayakataa maneno hayo. Kampuni ya Prosthetic Records ilipomwomba Abasi atengeneze albamu yake mwenyewe, alikataa kwanza, kwa kuona ni kujikweza na wala hakuna haja. Akaenda kusoma muziki Atlanta, na alipomaliza ndipo akakubali. Akaingia kazini na Misha Mansoor wa bendi ya Periphery, aliyerekodi na kupanga ngoma zote kwa kompyuta. Watu wawili tu, na mngurumo wote ule!

Ukitaka ushahidi kwamba kasi siyo shabaha yake, nenda kwenye kipande cha On Impulse. Huanza taratibu, gitaa laini, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Usiruke mbele. Uzito utakuja, na utakapokuja utajua umetoka wapi. Baada ya hapo ndipo uende CAFO, ambako vidole havikupi nafasi ya kumeza mate. Siku ya kwanza usijaribu kufuata kila noti. Shika ngoma peke yake. Siku ya pili shika zile nyuzi nene. Siku ya tatu ndipo ufuate zile nyembamba zinazokimbia juu, na kipande ulichodhani unakijua kitakuwa kipya.

Vaa hedifoni, rudi kwenye Tempting Time ambako albamu inaanza, uisikilize yote mpaka Song of Solomon bila kugusa simu. Chakula kifunikwe. Na mikono ikianza yenyewe kugonga meza, kulia manne, kushoto saba, iache igonge.